Vinywaji vya Vita Jikoni kwa Sihaba

Jumatatu saa nne asubuhi Sihaba alikuwa ameinamia karai la sambusa pale mwanamke mmoja mwenye suti ya kijivu alipomwomba kwa ishara ajisogeze. Sihaba akajisogeza. Mwanamke akapitisha futi yake ya kupimia nyuma ya jiko, akasoma, akaandika kwenye simu, akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Akapima mlango. Akapima dirisha la kupokelea sahani. Alipomaliza akampima Sihaba mwenyewe kwa macho, kuanzia kilemba mpaka ndala, kama mtu anayekadiria kabati litatokaje nje bila kuvunja fremu.

"Baba Lulu," Sihaba aliita bila kugeuka, "huyu bibi anapima nini jikoni kwangu?"

Vuai, mumewe, alikuwa meza ya pembeni akimtumia mteja wa Kariakoo picha za mikoba ya soko la Shiling. Kabla hajajibu, nyuma ya ile suti aliingia laobanniang Huang, bosi mwenye nyumba, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu ambaye mazungumzo yote huyaanza kwa kujichukulia sambusa moja.

"Hawa wanauza chai ya maziwa," alisema kwa Kichina cha polepole, kile anachowawekea wageni. "Chumba wamekipenda. Mkataba wenu unaisha mwisho wa mwezi." Akauma sambusa. "Chumvi imezidi leo."

Watu hufukuzwa kwa barua, hufukuzwa kwa wakili, hufukuzwa kwa matusi. Kufukuzwa na mtu anayetafuna sambusa yako ya bure na bado akaikosoa, hilo ni jambo la peke yake, na Sihaba hakujua aanze kukasirikia lipi. Chumba kile cha chini, chenye meza sita na feni moja yenye kelele, ndicho kilichokuwa kila kitu chao Guangzhou. Kibali chao cha kukaa kilisimama juu ya leseni ya mgahawa, na leseni ilisimama juu ya chumba. Lakini hayo ni mambo ya karatasi. Ukweli ni kwamba Sihaba alikipenda. Alikikuta ghala la maboksi yaliyooza miaka saba iliyopita, akakisugua kwa mikono yake, na sasa Mzanzibari akishuka ndege na tumbo lake limesokotwa na chakula cha safarini, huelekezwa hapo kwanza, kabla ya hoteli.

Laobanniang alimaliza sambusa, akapangusa vidole kwenye kitambaa cha Sihaba, na badala ya kuondoka akaketi. Alionekana amechoka. Suti ya kijivu ilikuwa imeshatoka nje kupima ukumbi.

"Jumapili baba yangu anatimiza miaka tisini na tano," alisema. "Hataki keki. Hataki zawadi. Anataka vinywaji vya vita."

Wakatazamana, mke na mume.

Akawaeleza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, babake, Mzee Huang, alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Familia ilikimbia Guangzhou ikaenda Kunming, huko milimani, ambako mjomba wake alifungua baa ndogo karibu na uwanja wa ndege wa Wamarekani. Marubani walikuja kila jioni, na yule mtoto ndiye aliyekuwa akiwachanganyia vinywaji vyao vya kizungu vyenye majina makubwa. Miaka themanini sasa mzee anavisimulia. Wamempeleka hoteli za ghorofa arobaini, akaletewa vinywaji vilevile na watu wenye tai za kipepeo, na kila mara anaonja, anatema na kusema ni feki.

"Ninyi ni wageni," alisema laobanniang, akimtazama Vuai moja kwa moja. "Vinywaji vya wageni mnavijua. Mnavyo?"

Na hapa lazima msomaji amjue Vuai. Vuai ni dalali. Kazi yake ni kuwapeleka wafanyabiashara wa Dar na Unguja viwandani, na kuwatafutia wasichokiona. Miaka kumi na miwili mjini pale hajapata kumwambia mtu kwamba kitu hakipo. Ukimuuliza kama ana vifungo vya shaba vyenye picha ya twiga, atasema ipo, halafu atatoka mbio kwenda mtaa wa Kangle kuwauliza mafundi cherehani wote mmoja mmoja mpaka vipatikane, au mpaka amshawishi fundi avitengeneze. Wachina wenyewe wana neno lao la kukatalia, meiyou, yaani hakuna, na huambiana siku nzima bila haya. Vuai amelisikia mara laki moja. Mdomoni mwake halijapita hata mara moja, na hilo ndilo analojivunia duniani baada ya mwanawe Lulu, anayesoma Unguja kwa bibi yake.

"Ipo," alisema Vuai.

Sambusa iliyokuwa mkononi mwa Sihaba iliangukia kwenye mafuta kutoka juu zaidi ya ilivyotakiwa.

"Basi," alisema laobanniang, akiinuka. "Baba akifurahi, nasaini miaka mitatu. Asipofurahi, chai ya maziwa."

*

"Siku moja utaulizwa kama una mkia," alisema Sihaba baada ya mlango kufungwa, "na utasema upo."

"Mama Lulu, mteja akishasikia haipo, harudi."

"Yule si mteja! Na kile si kifungo! Ni ulevi, Vuai. Mimi tangu nizaliwe sijaunusa ila kwenye pafyumu, na wewe hali kadhalika. Utachanganya nini? Utampa mzee wa watu pafyumu?"

Alipomwita Vuai badala ya Baba Lulu, mumewe alijua hali ni mbaya. Akatoka mbio, kama kawaida yake, kwenda kutafuta.

Alichokipata ni Herieth. Herieth alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Moshi, Mlutheri, mwanamke wa sauti kubwa na roho kubwa zaidi, ambaye familia yake ina baa huko kwao. Alikuja jioni ile, akaagiza pilau, na akalipokea tatizo lao kwa furaha isiyofichika.

"Shemeji, umefika!" alimwambia Vuai. "Hivyo vitu nimekua navyo. Vinywaji vya wakati wa vita? Kuna kile cha Wafaransa, Sabini na Tano, wamekiita kwa jina la mzinga wao. Jin, ndimu, sukari, na shampeni juu. Kuna Kuba Libre, ramu na koka na ndimu. Wanajeshi walikuwa wanakunywa hiyo kwa sababu wiski ilikuwa taabu kupatikana. Halafu kuna Singapoo Slingi, ya rangi ya waridi, hiyo ni ya mabibi lakini wanaume wanaipenda kimyakimya."

"Mzinga, Kuba, na Singapoo," alisema Sihaba. "Hivyo ni vinywaji au ni jeshi?"

"Dada Sihaba, usiogope. Nitanunua mimi, nitachanganya mimi, nitabeba mimi. Nyie mtasimama tu pembeni mtabasamu."

Sihaba alimwongezea nyama kwenye pilau bila kuulizwa, na wiki ile alilala usingizi.

*

Ijumaa saa saba mchana Herieth alifika na boksi. Aliliweka kizingitini, kwa sababu Sihaba alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na sura yake ilieleza kwamba boksi lile halitavuka. Ndani yake zilikuwa chupa tano. Nje lilikuwa na picha ya baharia mwenye ndevu nyekundu na upanga.

"Wateja wangu wanatoka msikitini sasa hivi," alisema Sihaba. "Wakiiona hiyo jikoni kwangu, sihitaji kufukuzwa na chai ya maziwa. Nitakuwa nimejifukuza mwenyewe."

Kabla Herieth hajajibu, simu yake iliita. Alisikiliza, akapiga kelele, akasikiliza tena. Wakala wake wa Huangpu alikuwa anasema kontena lake limesimamishwa bandarini, orodha ya mzigo haifanani na mzigo, aje mwenyewe na karatasi zote, na huenda akashinda huko mpaka Jumatatu. Herieth alichana karatasi kwenye daftari lake, akaandika vipimo vitatu kwa mwandiko wa mbio, akaibandika juu ya ndevu za baharia.

"Shemeji, fuata hiyo tu! Ni rahisi kuliko chai!" alipiga kelele kutoka kwenye ngazi. Na akaenda.

Vuai alibaki na boksi. Kulishika hakutaka. Kuliacha hakuweza, maana sauti za wateja zilishaanza kusikika mtaani. Akachukua ufagio. Akaliweka boksi mbele ya ufagio na kulisukuma polepole kwenye sakafu ya ukumbi, chupa zikigongana kama harusi, kuelekea kwenye kona ya mita za umeme, mahali ambapo Qiang, mpwa wa laobanniang, huchaji pikipiki yake.

Alikuwa amebakiza hatua nne alipoingia Ami Maulid, mzee wa Kiunguja mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, mfanyabiashara wa vitambaa na mteja mkongwe kuliko wote.

"Shikamoo, ami," alisema Vuai.

"Marahaba, mwanangu. Unafagia boksi?"

"Nafagia, ami."

Ami Maulid alilitazama boksi. Lilitoa mlio mdogo. "Na huyu mtu mwenye upanga ni nani?"

"Huyu... ni wa mafuta ya ndevu, ami."

"Mazuri?"

"Sana, ami."

Mzee alishika kidevu chake, chenye ndevu chache zilizokuwa zikimtesa moyoni siku nyingi. "Basi nitengee moja," alisema, akaingia ndani kula. Vuai alisukuma boksi kwa nguvu mpaka ukutani, akalifunika kwa shuka la maua, na akasimama pale dakika nzima akiona aibu hata mbele ya mita za umeme.

*

Jumamosi asubuhi kila mmoja alijitafutia kazi. Sihaba alisuuza mchele, Vuai alikunja tishu zilizokwisha kukunjwa. Hatimaye Sihaba akakaa chini.

"Chupa zile sizigusi, na wewe huzigusi. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Basi mpigie Herieth. Muulize kitu kimoja: mtu akinywa, anasikia nini?"

Herieth alipokea kutoka bandarini, nyuma yake magari yakipiga honi. Alifikiri. "Kwanza inachoma kooni," alisema. "Halafu inaleta joto kifuani. Halafu mtu anajiona ni mzuri."

"Asante," alisema Sihaba, akakata simu. "La kwanza tangawizi. La pili pilipili manga. La tatu atamalizia mwenyewe."

"Mama Lulu, unataka kumdanganya mzee?"

"Mimi? Mimi simdanganyi mtu. Anayedanganya ni yule anayesema ipo." Alivuta beseni. "Nitatengeneza rangi zilezile na moto uleule. Akiuliza ndani mna nini, namwambia. Asipouliza, wewe unafunga mdomo. Na wewe kufunga mdomo ndiko kugumu kuliko hivi vinywaji vyote."

Alifanya kazi mpaka adhuhuri na, ingawa hakukubali kusema, alifurahia. Cha mzinga alikitengeneza kwa ndimu, tangawizi mbichi iliyotwangwa mpaka ikalia, sukari na soda nyeupe ya kufurukuta. Cha Kuba alikitengeneza kwa ukwaju aliouletewa kutoka Unguja ndani ya sanduku la mteja, karafuu, na sukari aliyoiunguza kwenye kikaango mpaka ikawa nyeusi. Cha Singapoo kilikuwa choya, yale maua mekundu yanayouzwa na waganga wa dawa za Kichina mtaa wa pili, na maji ya nanasi. Vyote vitatu alivikoleza pilipili manga bila huruma.

Wa kuonja alikuwa Ami Maulid. Walimweleza ukweli wote isipokuwa boksi. Mzee alisikiliza kwa uso wa hakimu, akaomba kwanza waape kwamba hamna tone la haramu. Wakaapa.

"Juisi ni juisi," alitoa hukumu. "Lakini hayo majina msiyataje mbele ya chakula."

Akaonja ya kwanza. Macho yalimtoka, akapiga meza mara mbili, akatafuta leso. Waliogopa. Ilipopita dakika, alirudisha pumzi, akanyoosha kanzu.

"Nipe tena huo mzinga," alisema.

*

Sherehe ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo lilelile, Jumapili mchana, kwenye sebule iliyojaa shangazi. Kulikuwa na tambi ndefu za kumtakia mzee umri, mikate mitamu yenye umbo la tunda la pichi, na kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa utepe mwekundu alikaa Mzee Huang mwenyewe, mdogo, mkavu, na kofia ya sufi ingawa feni zilikuwa zinazunguka. Alipowaona Vuai na Sihaba na sinia lao, hakutabasamu. Alionekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Laobanniang aliwapanga ndugu. Qiang, yule mpwa, alikuwa amefika mapema na alikuwa mwekundu tayari, ameegemea friji na kuisimulia jambo. Vuai aliona ajabu kidogo, lakini sinia lilikuwa zito.

Sasa Wachina wa nyumba ile wana desturi kwamba ukipewa glasi ya sherehe huinywi kwa kuinusa; mnagonganisha, mnasema ganbei, na glasi inageuzwa mpaka kitako kionekane. Sihaba desturi hiyo hakuijua. Alikuwa amekoleza kwa ajili ya mtu anayekunywa funda kwa funda. Alipoona watu kumi na saba wakiinua glasi za mzinga kwa pamoja, alimshika Vuai mkono.

"Baba Lulu, wazuie."

"Nitawaambiaje?"

Ganbei.

Glasi zikageuzwa, vitako juu. Halafu shangazi mmoja akatoa mlio mwembamba. Mjomba mmoja alivua koti, akavua sweta, akaanza vifungo vya shati, mkewe akamzuia. Watu walikohoa, walilia, walipigana migongo. Wakaanza kucheka. Mtu fulani alisema hiki ndicho kinywaji cha wanaume wa zamani, mwingine akasema anasikia kichwa kinazunguka, na shangazi aliyetoa mlio akamgeukia wifi yake na kumwambia jambo alilokuwa amelikalia miaka thelathini kuhusu bangili ya jade. Wifi akalia. Wakakumbatiana. Qiang alianza kuimba. Sihaba aliyaangalia yote haya mdomo wazi, kwani alijua kwa yakini kwamba hamna ndani ya watu hawa ila tangawizi.

Ni Mzee Huang peke yake aliyekunywa taratibu. Alikunywa mzinga, akafumba macho. Akanyoosha mkono, akapewa Kuba. Akanyoosha tena, akapewa Singapoo. Alipoweka glasi ya tatu, machozi yalikuwa yanamshuka kwenye mikunjo ya mashavu, na sebule yote ikamgeukia, hata Qiang.

Sihaba alisema moyoni, basi, kwaheri jiko langu.

Mzee aliwaonyesha wageni wawili kwa kidole, kisha roshani. Wengine aliwakataza kwa kiganja. Vuai akamsukuma mpaka nje, kwenye nguo zilizoanikwa, na kufunga mlango wa kioo.

Mzee alizungumza Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha baa, kilichokaa kabatini miaka themanini, na kila sentensi ilimalizikia kwa "sah", yaani bwana.

"Nani aliwafundisha, sah?"

Vuai alifungua mdomo. Sihaba akamkanyaga.

"Nimetengeneza mwenyewe, babu," alisema Sihaba, na Vuai akatafsiri. "Na nakwambia kweli, kwa sababu umeuliza. Hamna pombe. Ni tangawizi, na ukwaju, na pilipili manga. Sisi pombe hatushiki. Tusamehe."

Walisubiri. Mzee alitazama mlango wa kioo, akahakikisha umefungwa, akajivuta mbele kwenye kiti.

"Sukari umeiunguza?" alinong'ona.

"Nimeiunguza."

"Mpaka nyeusi?"

"Mpaka nyeusi."

Mzee Huang alianza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Alicheka mpaka kofia ikashuka machoni.

Akawaeleza. Kunming wakati ule hapakuwa na jin, wala ramu, wala shampeni. Ndege zilizovuka milima zilileta petroli na risasi, hazikuleta anasa. Lakini marubani walikuwa na kiu, na mjomba alikuwa mtu asiyeweza kumwambia mteja hakuna. Vuai alisikia masikio yakipata moto. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na mbili alisaga tangawizi, akachemsha pilipili, akaunguza sukari, akaweka rangi ya maua ya dawa. Akiomba mtu mzinga, alipewa. Akiomba Kuba, alipewa. Na vijana wale wakubwa, wakijua kwamba kesho wanapaa tena, walikunywa, wakaimba, wakaegemeana, wakamwita yeye mchanganyaji bora wa Asia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja vile vya kweli. Alipokuja kuletewa vya kweli akiwa mtu wa miaka sitini, ndani ya hoteli yenye vioo, alisikia ladha asiyoijua, akatema, akasema feki. Ikawa hawezi tena kurudi nyuma. Wanawe walikuwa wameshasimulia shule nzima tangu utotoni.

"Wiki hii sikulala," alisema. "Niliambiwa wageni wanaleta vyenyewe hasa. Nikasema sasa nitaumbuka mbele ya watoto wangu. Miaka tisini na tano, halafu naumbuka." Alimshika Sihaba mkono kwa vidole vyake vikavu. "Binti yangu asijue, sah. Tafadhali."

Sihaba, aliyepanda ghorofani akiwa na hofu ya chumba, alijikuta anamhurumia, akamwinulia kofia iliyomshukia machoni. Wiki nzima walikuwa wanamwogopa mzee huyu, kumbe na yeye huku juu alikuwa anawaogopa wao.

Mlango wa kioo ukafunguka. Laobanniang alisimama pale na mkataba mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, na sura iliyokunjamana.

"Qiang anaibusu friji," alisema. "Shangazi amelia mpaka kope zimebanduka. Na baba ana miaka tisini na tano, ana moyo wa vidonge, na amekunywa glasi tatu." Alimtazama Sihaba, kwa kuwa alishaona siku nyingi nani kati ya mke na mume husema kweli. "Niambie wewe. Umemwekea baba pombe kiasi gani?"

Vuai aliona miaka mitatu ikining'inia kwenye ncha ya kalamu. Akisema kweli, mzee ataumbuka. Akidanganya, mkewe hatamsamehe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alirudi nyuma hatua moja, akampisha mkewe. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Sihaba alijifunga mtandio vizuri. Kichina chake kilikuwa kidogo, cha kununulia vitunguu, lakini alikipanga neno kwa neno.

"Kiasi kilekile," alisema, "ambacho baba yako alikuwa anawawekea marubani."

Laobanniang akamgeukia babake. "Baba? Ni kweli?"

Mzee Huang alishika mikono ya kiti, akajiinua, akasimama. Alisimama wima, mkono mmoja nyuma ya mgongo na mwingine umekunjwa mbele kana kwamba umebeba kitambaa cheupe cha mhudumu.

"Hakuzidisha hata tone," alisema.

Laobanniang akasaini palepale, juu ya ukuta wa roshani, kati ya soksi mbili za Qiang zilizoanikwa. Baadaye, wakati wa kushuka, aliongeza sharti moja tu: kila Jumapili mzee apelekewe glasi ya mzinga, na sambusa zipunguzwe chumvi.

*

Jumatatu Herieth alipiga simu kutoka kwenye basi. Kontena lilikuwa limeingia melini, yeye alikuwa njiani anarudi, na alikuwa na kiu ya siku tatu.

"Shemeji, nasikia mmefaulu! Mungu ni mwema. Na zile chupa zangu zilizobaki, zipo?"

Vuai alikuwa amesimama kwenye kona ya mita za umeme. Shuka la maua lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya pikipiki. Baharia mwenye ndevu alikuwa palepale na upanga wake, na mbele yake chupa tano zimepangwa kwa urefu, kavu kabisa, pamoja na kiatu kimoja cha Qiang. Ndipo Vuai alipoelewa kuhusu friji.

Alifungua mdomo. Neno lake la miaka kumi na miwili lilikuja mpaka kwenye ulimi, likakaa pale, tayari kutoka na kumpeleka mbio mitaani kutafuta ramu. Alilimeza.

"Herieth," alisema. "Meiyou."

Kule jikoni Sihaba alipunguza moto chini ya karai ili asikie vizuri.

"Hebu sema tena, Baba Lulu," aliita. "Ami Maulid hakusikia."